Jora la Tatu

Meru Mjini,
12 Februari 1955

Mdogo wangu Habon,

Assalamu alaikum. Sisi huku tuko wazima. Mama analala vizuri, isipokuwa goti la kushoto linamsumbua kukiwa na ukungu, na mwezi huu ukungu haujui kwenda kwao. Watoto wangu wawili wamepata nafasi katika shule ya misheni ya Kaaga. Mama hapendi zile nyimbo wanazorudi nazo, lakini nimemwambia hesabu haina dini, acha wasome. Wewe na wanao mko namna gani? Duka limefunguliwa tena au bado mnapokea watu wa rambirambi?

Mungu amrehemu Baba. Habari ilinifikia siku ya pili, na barabara ilikuwa imefungwa, ndiyo sababu hukuniona mazishini. Niambie alizikwaje, na nani walikuwepo. Mama anauliza kila siku, mimi sina la kumjibu.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Shurie amepita hapa na ng'ombe wake akaniambia kwamba Baba alitoa wosia mbele yake na mbele ya mwalimu wa msikiti. Theluthi moja ya mali isirithiwe na mtu, iendelee na "kazi ile anayoijua Habon." Hayo ndiyo maneno yake, Shurie ameapa. Nimeuliza kazi gani, Shurie akatazama ng'ombe.

Habon, mimi sikatai sadaka. Sheria inampa mtu theluthi, atoe apendavyo. Lakini theluthi ya nini? Unajua vizuri kwamba lori ni langu. Nilianza kwa kubeba ngozi mgongoni kule Isiolo nikiwa na miaka kumi na saba. Bedford ile nimeinunua baada ya miaka kumi na mitano ya kula ugali mkavu. Niliandikisha kwa jina la Baba kwa sababu mbili tu: leseni ya kubeba mizigo walimpa yeye mwenye duka, na mimi niliona si adabu jina langu litangulie la mzazi akiwa hai. Hayo mawili yamenigeukia. Leo lori limehesabiwa ni mali ya marehemu, na theluthi yake inakwenda kwa watu nisiowajua!

Kadhi atakuwa Isiolo mwezi wa nane. Nahitaji mwanamume mmoja na wanawake wawili waseme lori lilikuwa langu. Shurie atasema. Mama anasema yeye atasema utakalosema wewe. Kwa hiyo yote iko mdomoni mwako.

Halafu kuna neno dogo. Tangu Novemba ya mwaka 1953 Baba aliagiza majora matatu ya marekani, ile nguo nyeupe ya pamba, kila mwezi. Dereva wangu Thuranira anayashusha matatu hapo dukani, na kila mwezi mnaniandikia mmeuza mawili. Jora la tatu linakwenda wapi?

Kaka yako,
Hersi


Runyenjes, Embu,
9 Machi 1955

Kwa kaka yangu mpendwa Hersi,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kama mvua ambayo bado hatujaiona. Sisi tupo. Wanangu wana kikohozi cha vumbi. Duka nalifungua saa mbili na kulifunga saa tisa kwa sababu ya kafyu. Mpelekee Mama mafuta ya kondoo niliyompa Thuranira, asugue goti akiwa ameketi jua.

Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi mpya. Anayeisoma hii kabla yako namsalimu pia.

Umeuliza mazishi. Baba alizikwa saa nne asubuhi, siku ya Ijumaa. Wanaume walikuwa watano: Mzee Shurie, mwalimu, na wazee watatu kutoka Embu mjini. Ardhi ya hapa ina mawe, nawe unajua umri wa wale wazee, lakini kaburi halikutusumbua. Mwambie Mama alizikwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Zaidi ya hapo siandiki.

Ile kazi pia siiandiki. Usikasirike. Siku ukija utaiona.

Jora la tatu halijaibwa.

Kuhusu lori, nipe muda.

Mdogo wako,
Habon


Meru Mjini,
25 Machi 1955

Habon,

Salamu. Mama amepata mafuta, amesugua, anakuombea. Mvua imenyesha Kibirichia na bei ya viazi imeshuka, kwa hiyo mwenye shamba analia nami mwenye lori nacheka. Hiyo ndiyo habari njema peke yake.

Nipe muda, unasema. Muda wa nini? Lori si kitendawili. Ulikuwepo siku nilipolileta. Ulipanda nyuma na wanao mkazunguka soko lote mkipiga kelele, na Baba akasimama mlangoni akisema, "Hersi, sasa umekuwa mtu." Kisha siku ya tatu akamleta fundi akaandika jina lake mlangoni, BILLOW, kwa rangi nyeupe, herufi ndefu kama mkono. La kwangu hata chini yake halipo. Kwa miaka mitano nimeendesha jina la mtu mwingine. Nilipomuuliza, ile siku ya mwisho tulipoonana mwishoni mwa mwaka wa 1953, aliniambia, "Jina langu likae mlangoni. Litakufaa." Likanifaa nini? Nikaondoka, sikurudi. Hilo unalijua.

Umeandika wanaume watano. Watano! Mtu aliyekaa sokoni miaka ishirini na sita, akawakopesha wakulima wa kata nzima chumvi na majembe, azikwe na watu watano! Hapo ndipo naona faida ya kugawia watu mali.

Na jora la tatu. Nimepiga hesabu: Novemba 1953 hadi Januari 1955 ni miezi kumi na mitano, majora kumi na matano. Jora moja ni yadi thelathini. Yadi mia nne na hamsini za marekani, Habon, haziliwi na panya. Kama unamsaidia mtu, niambie ni nani. Kama ni wewe mwenyewe una shida, wewe ni mjane na mimi ni kaka yako, ungeniomba tu.

Nimemuuliza Mama. Alikuwa akichambua mchele. Nikasema, "Mama, kazi gani hiyo anayoijua Habon?" Akasema, "Baba yako alikuwa hapendi kuona mtu uchi." Akaendelea na mchele wake. Nimechoka na watu wa familia hii.

Usipokuja kwa Kadhi, sitapeleka tena mzigo kwenye duka lile.

Hersi


Runyenjes,
30 Mei 1955
Kwa mkono wa Mzee Shurie

Kaka Hersi,

Assalamu alaikum warahmatullah. Barua hii imeshonwa ndani ya kilemba cha Mzee Shurie. Thuranira nisingempa, kwenye vizuizi vya barabara wanampekua hadi viatu. Mzee na ng'ombe wake hakuna anayewataka. Naandika yote sasa. Mpe Mama salamu, na umwambie najua yeye alijua.

Unakumbuka serikali ilivyowatoa watu mashambani ikawaweka kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki na miti iliyochongwa imezunguka. Kijiji hicho kiko karibu na duka letu, sauti inafika. Basi Novemba ile, askari waliweka maiti tatu za wapiganaji wa msituni kando ya barabara, watu wapite wazione. Mmoja alikuwa mwanamke. Hawakuwa na kitu mwilini. Nawe unajua watu wa huku kwa desturi yao ya zamani maiti haigusiki, na wenye ujasiri wa kugusa waliogopa kuulizwa, "Huyu ni nani wako?" Siku nzima walilala pale. Watoto wakipita kwenda kuchota maji waligeuza uso.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Alikaa hapo hadi alasiri. Kisha akashusha jora la marekani, akapima kwa yadi ya chuma, akakata. Nikamwambia, "Aabo, baba yangu, watakufunga." Akasema, "Kwa kosa gani? La kuuza kitambaa?" Nikasema, "Huuzi, Aabo." Akasema, "Mimi nina duka, maiti ana haja. Kama hawezi kulipa, hiyo ni shida yangu na yake."

Akavuka barabara na nguo begani. Askari akanyanyua bunduki, akampigia kelele. Baba alimwambia kwa Kiswahili, nilisikia kutoka dukani, "Kijana, nawe ukifa huku mbali na kwenu nitakufunika. Nipishe." Yule askari akampisha, Hersi. Mimi mpaka leo sijui kwa nini. Baba akawafunika mmoja mmoja, wa kwanza yule mwanamke.

Tangu siku hiyo haikuisha. Wa msituni, homugadi wa serikali waliouawa darajani, yule askari mwenyewe, alikufa mwezi wa tatu, na Baba akamkatia yadi saba kama alivyoahidi. Ugonjwa wa kuhara ulipoingia kijijini, wakawa watoto. Mama mmoja, jina lake Nelius, alikuja na kitoto chake amekifunga kwa jani la mgomba, akaomba nguo kwa mkopo. Baba alimkatia, akamwambia hatuandiki deni la namna hii. Tangu hapo Nelius ndiye anayetusaidia kuosha walio wanawake. Hajawahi kukosa siku hata moja.

Baba hakuuliza mtu alikufa upande gani. Mwalimu alimwambia, "Billow, hawa si Waislamu." Baba akamuuliza, "Maiti akiwa uchi, aibu ni yake au ni yangu ninayemwona?" Mwalimu akaenda zake. Baadaye alikuwa anakuja kushika upande mmoja wa nguo.

Hiyo ndiyo kazi.

Sasa mazishi yake. Niliandika wanaume watano, ni kweli. Usiku wake wale wazee walikuwa wanasononeka nani atachimba kwenye mawe yale, na kafyu imetufungia ndani. Alfajiri mwalimu alitangulia kwenda makaburini na sururu. Akarudi mbio. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa. Ukingo umekatwa sawa, udongo umewekwa upande mmoja, limeelekea kibla, kama walilipima kwa makaburi yaliyopo. Nani alitoka usiku huo na bunduki zote zile? Hatukuuliza. Lilikuwa na kosa moja tu: urefu wake ulikuwa futi nane. Unamjua Baba alivyokuwa mfupi, hata sanda ya yadi sita ilimzidi. Alilala ndani yake kama mtoto kwenye kitanda cha watu wazima.

Na tulipokuwa tunamshusha, wanawake wa kijiji walikuwa wanapita kwenda mtoni na walinzi wao. Waliweka madebe chini, wote, kama mia mbili hivi. Walinzi wakapiga filimbi. Hakuna aliyeinama kuokota debe hadi udongo ulipokwisha kurudi.

Sasa lori. Lori ni lako. Nilikuona ukilinunua, nami nitasema hivyo mbele ya Kadhi, siwezi kumdhulumu aliye hai kwa ajili ya wafu. Nilisita kwa sababu hii tu: bila lori, theluthi ya duka na mbuzi ni majora ishirini, baada ya hapo basi. Nilitaka ujue ni nini kitakachoisha, kabla hakijaisha.

Habon


Meru Mjini,
14 Juni 1955
Kwa mkono wa Mzee Shurie

Habon,

Salamu. Tuko wazima. Kilemba cha Mzee Shurie kimefika, kimefuliwa na kurudishwa.

Mama nimemsomea. Aliomba nisome mara mbili pale pa futi nane.

Nilipiga hesabu, ndiyo tabia yangu, unisamehe. Yadi thelathini. Mtu mzima yadi saba, wanne ni ishirini na nane. Zinabaki mbili. Nilidhani amekata vibaya, anapoteza. Jana nikielekea Timau ndipo nikaelewa hizo yadi mbili ni za nani, ikabidi nisimamishe lori kando ya shamba la ngano. Watu wazima wanne na mtoto mmoja kwa kila jora. Watu sabini na watano. Nguo zote hizo nimezibeba mimi, kwa lori langu, huku nanung'unika.

Lakini kazi ni kazi na haki ni haki. Nashukuru umesema lori ni langu. Nikishathibitishiwa, nitatoa changu nipendavyo, kwa hiari yangu, si kwa kunyang'anywa. Kaberia fundi wa rangi ameshaanza: jina la Baba amelifunika kwa rangi ya kijani, juu yake ataandika HERSI. Mtu hawezi kufika miaka thelathini na saba bila jina lake mlangoni.

Thuranira ameliona, akasema ana jino linamuuma, hawezi safari ya Embu. Nikamwambia jino haliendeshi lori. Akasema, "Mzee, rangi hii mimi siendi nayo." Uvivu tu. Nitaleta mzigo mwenyewe, viazi pamoja na majora matatu.

Hersi


Runyenjes,
19 Julai 1955
Kwa mkono wa Mzee Shurie

Kaka Hersi,

Salamu kutoka kwetu sote. Mvua ya baridi inatuzuia kuanika ngozi. Nelius anakusalimu.

Ulikuja tarehe ishirini na nane ya mwezi uliopita, baada ya mwaka na nusu. Ulishusha viazi na majora. Hukunywa chai. Askari walikuwa wamesimama karibu, nikakuuliza kwa nini umechelewa kwa muda wa saa nne, ukasema, "Pancha, pale kona ya Nithi."

Matairi yako yote manne yalikuwa na vumbi la aina moja. Kucha zako zilikuwa na rangi ya kijani, na mbili zilitoka damu. Mlango wa lori umekwaruzwa hadi jina la Baba linaonekana. Kisha ukaenda peke yako makaburini, ukakaa hadi nikaogopa kafyu.

Mzee Shurie atarudi huku. Nimekuwekea sindano na uzi wa kushonea jibu kilembani.

Habon


Meru Mjini,
2 Agosti 1955
Kwa mkono wa Mzee Shurie

Habon, mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Wote wazima. Umeuliza, nami nitajibu. Kutoripoti jambo hili ni kosa na najua adhabu yake, kwa hiyo ukishasoma choma.

Kwenye kona ya Nithi, pale barabara inaposhuka kwenda darajani, nilikuta mti wa mringa umelazwa. Mwaka na nusu Thuranira amepita hapo hajakuta hata tawi. Nikapiga breki. Kabla sijatia gia ya kurudi nyuma walikuwa wamekwisha kuwa pande zote, wanaume watano na wanawake wawili, na bunduki moja na mapanga. Nilishuka na mikono juu. Mmoja alikuwa amefungua bomba la petroli tayari.

Nilidhani wataniuliza pesa. Yule mwenye bunduki akatazama mlango, akaniuliza kwa Kimeru, "Lori la Billow umelipata wapi?"

Nikasema, "Ni langu."

"Nimekuuliza ulipolipata. Hili ni lori la Billow, tunalijua kwa mlio. Umemnyang'anya mjane wake au umemwibia binti yake?"

Habon, nimebishana na wanunuzi wa ngozi, na polisi, na wenye benki. Sijawahi kuishiwa na maneno. Lakini pale kila nilichokuwa nacho cha kujitetea kilikuwa kinanishtaki. Jina langu pale mlangoni ndilo lililokuwa ushahidi wa wizi.

Nikasema, "Mimi ni mwanawe."

Wakacheka. Mwanamke mmoja akasema, "Mwana wa Billow gani anafuta jina la babake? Billow ana mwana, lakini hata kuzikwa kwake hakuja."

Niseme kweli hapa, maana sitaliandika tena. Barabara haikuwa imefungwa siku ile. Nilikuwa na hasira. Nilikaa hapa Meru nikihesabu magunia.

Nikapiga magoti mbele ya mlango nikaanza kukwangua. Hakuna aliyeniambia. Rangi ya Kaberia ilikuwa ya wiki mbili, lakini kwa ukungu wa mwezi ule bado laini, ikawa inatoka kwa ukucha. Nilikwangua kama mtu anayefukua mtu aliye hai. Ilipotokea ile herufi ya kwanza, yenye matumbo mawili, yule mwanamke akasema, "Ndiyo hiyo." Hawajui kusoma, Habon. Wanalijua umbo lake.

Mwenye bunduki hakuridhika. Akasema, "Mwizi pia anaweza kukwangua." Hapo likanitoka neno bila kufikiri. Nikasema, "Mlimchimbia refu mno. Futi nane. Baba alikuwa mfupi, nguo ya yadi sita ilimzidi."

Nilisikia mto tu kule chini.

Akashusha bunduki. Akaniuliza pole pole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Alikuwa mfupi?"

Nikamwambia, "Mfupi. Kofia yake ilinifika begani."

Akatazama wenzake. Akasema, "Sisi tulikuwa tunamtazama kutoka juu, msituni, akisimama kwa watu wetu na nguo begani. Alionekana mrefu sana."

Yule mwanamke akapanda nyuma ya lori, nikadhani anachukua nguo. Alitafuta majora chini ya viazi, akaweka kiganja chake juu ya moja, akakiacha hapo, kisha akashuka. Hawakugusa hata kiazi. Walifunga lile bomba la petroli, wakauondoa mti, nami nikasukuma pamoja nao, watu wanane tukitafuta mahali pa kushika kama watu wa mji mmoja.

Nilipofika kwako nikaona askari, nikasema pancha. Ningesema nini?

Nimerudi nikahesabu. Tangu Novemba 1953 hadi Juni, kwenye barabara ile malori tisa yamechomwa au kuporwa. La yule Mhindi wa mafuta mara mbili. Langu limepita safari ishirini, kwenda na kurudi, likiwa limejaa, bila mlinzi. Nilikuwa nawaambia watu mkahawani ni kwa sababu mimi nina akili ya kuchagua saa. Thuranira nimemuuliza juu ya jino lake. Akasema, "Mzee, mimi nikipita pale huwa hata dirisha sifungi. Nilidhani unajua."

Baba aliniambia litanifaa.

Hersi


Runyenjes,
15 Agosti 1955
Kwa mkono wa Mzee Shurie

Kaka,

Salamu. Sikuichoma. Ipo mahali ambapo hata mimi nikitaka kuisoma lazima nipasue kitu.

Nimepata pasi ya kwenda Isiolo kwa Kadhi, siku tatu. Nitasema nilichoahidi, kwamba lori ni lako. Usibadilishe ukweli kwa ajili ya hofu uliyoipata barabarani. Baba asingependa sadaka ya mtu aliyeogopeshwa.

Majora yamebaki kumi na manane. Kijijini homa imeanza tena.

Habon


Meru Mjini,
6 Septemba 1955

Mdogo wangu Habon,

Assalamu alaikum. Natumaini ulifika salama na wanao uliwakuta wazima. Mama goti limetulia tangu turudi Isiolo, anasema ni joto, mimi nasema ni kucheka.

Ulinikasirikia pale mbele ya Kadhi nilipokutangulia kusema, na pasi yako ikawa inaisha, hatukuongea. Kwa hiyo nakueleza sasa, na hii hata anayefungua barua asome, haina siri.

Kadhi aliuliza lori ni la nani. Nikasema ni la marehemu. Mzee Shurie akakohoa hadi akapewa maji. Kadhi akaniambia, "Hersi, una mashahidi watatu hapa waliokuja kusema ni lako. Unajidhulumu." Nikamwambia nimepiga hesabu.

Sababu si hofu. Hofu iliisha kabla sijafika Chuka. Hesabu yangu ni hii. Nilinunua bati, injini na matairi, hiyo ni kweli, na ulikuwa tayari kuisema. Lakini lori linalopita pale ambapo mengine hayapiti, hilo sikulinunua mimi. Hilo lililipiwa na mtu mfupi kwa yadi ya chuma, jora moja kila mwezi, na hakunidai. Nikidai langu lote, sijui nitalitenganisha vipi na lake.

Umesikia Kadhi alivyoamua: lori haliuzwi. Theluthi yake ni ya ile kazi, na theluthi mbili ni zetu warithi, Mama na thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, wewe na mimi. Kwa vitendo iko hivi. Kila safari ya tatu, nauli yote ni ya kununua marekani. Thuranira nimemwambia, akauliza, "Hata mwaka mbaya?" Nikasema hasa mwaka mbaya.

Kaberia amerudisha jina la Baba, herufi zile zile, na B ameifanya nene kidogo ionekane kutoka mbali. Aliniuliza aandike nini chini yake. Nilifikiri muda mrefu, nikamwambia aache wazi.

Thuranira anakuletea majora manne mwezi huu. Matatu unayajua. La nne nimekata yadi saba, nimezifunga peke yake kwa kamba ya katani. Hizo ziweke kwenye rafu ya juu, upande wa kiti cha Baba, usimpe mtu. Ni zangu. Nimelipa bei ya dukani, usinipunguzie. Yadi ishirini na tatu zilizobaki tia kwenye kazi: watu wazima watatu, na mtoto mmoja.

Na mkichimba, pimeni vizuri. Mimi ni futi tano na inchi kumi, si zaidi.

Kaka yako,
Hersi Billow